Nimonia Inayorudi Pahali Palepale: Somo la Kuitazama Picha ya Kifua cha Mtoto Pamoja na Daktari

Katika nyumba nyingi za Songea, kuanzia Lizaboni hadi Ruhuwiko, ipo bahasha kubwa ya kaki iliyowekwa juu ya kabati au chini ya godoro. Ndani yake mna picha ya eksirei ya kifua cha mtoto. Mzazi aliilipia, akaipeleka kwa tabibu, tabibu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaandika dawa, na mambo yakaishia hapo. Ni nadra mzazi kuelezwa kilichoonekana, na ni nadra zaidi mzazi huyo kuuliza.

Somo hili linakusudia kumwezesha mzazi kuuliza. Halikusudii kumfanya daktari, kwa kuwa kusoma picha za mwili wa binadamu ni kazi ya miaka mingi, na hata mabingwa hutofautiana. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo daktari hawezi kuyagundua vyema bila kumbukumbu zilizo mikononi mwa mzazi peke yake. Miongoni mwa hayo ni hitilafu za njia ya hewa ambazo mtoto huzaliwa nazo.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Mama mmoja wa Msamala ana mtoto wa miaka mitatu. Ndani ya mwaka mmoja mtoto ameugua kifua mara nne: homa, kikohozi, pumzi za haraka. Mara ya kwanza alitibiwa katika zahanati ya jirani, mara ya pili alipokwenda kwa bibi yake Mbinga, mara ya tatu katika kituo cha afya cha mjini, na mara ya nne akaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa hakuna kipimo kilichothibitisha ugonjwa huo wala mtu yeyote nyumbani mwenye ugonjwa huo. Dawa zimekwisha na kikohozi kimerudi. Picha tatu zilipigwa, kila moja mahali pake, na hakuna siku hata moja zilipowekwa pamoja juu ya meza moja. Lau zingewekwa, pengine mtu angegundua kwamba utusitusi ule mweupe ulikuwa daima pembe ileile: juu, upande wa kulia.

Mtoto anayeugua nimonia leo pafu la kushoto na mwakani pafu la kulia huenda ana kinga dhaifu, au anaishi katika jiko lenye moshi mwingi. Mtoto ambaye nimonia yake hurudi pahali palepale anatulazimu kujiuliza pana nini pale.

NJIA YA HEWA ILIVYOJENGWA

Asiyewahi kuona mapafu ya binadamu aende buchani akaombe kuoneshwa mapafu ya mbuzi kabla hayajakatwakatwa. Ataona bomba gumu lenye pete pete likishuka kutoka shingoni. Hilo ndilo bomba kuu la hewa, yaani trakea. Chini hugawanyika panda, tawi moja likielekea pafu la kulia na jingine la kushoto, kisha kila tawi likazidi kugawanyika mithili ya mti uliopinduliwa. Kwa mtu mzima bomba hilo lina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Kwa mtoto aliyezaliwa leo ni takriban sentimita 4 tu, na ni jembamba kiasi kwamba uvimbe mdogo hutosha kuibana pumzi.

Kwa binadamu, tawi la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na limesimama wima kuliko la kushoto. Kwa sababu hiyo punje ya karanga inayompalia mtoto huelekea kulia mara nyingi zaidi. Jambo hili tutalirudia.

Akiyachunguza vizuri mapafu ya mbuzi, ataona kitu ambacho binadamu wengi hawana. Juu ya ile panda, upande wa kulia, kuna kijitawi kinachochomoza moja kwa moja kutoka katika bomba kuu na kuingia sehemu ya juu ya pafu. Ng'ombe, kondoo na nguruwe nao wanacho. Kwao ndilo umbile la kawaida. Kwa binadamu wachache hutokea vivyo hivyo: tawi lililopaswa kuchipua chini ya panda huchipua juu yake. Daktari Mholanzi Sandifort alilieleza umbile hili mwaka 1785, zaidi ya miaka 100 kabla ya eksirei kuvumbuliwa, na tangu hapo wataalamu wengine wameliita bronkasi ya nguruwe. Mzazi akikutana na jina hilo katika ripoti asione haya wala asidhani mtoto ametukanwa. Ni jina la mfano tu, na kwa maoni yetu lingefaa zaidi kuitwa la mbuzi. Sisi katika somo hili tutaliita tawi la juu.

Tafiti za sehemu mbalimbali duniani hukadiria kwamba tawi la juu hupatikana kwa watu kati ya 1 katika kila 1,000 na 2 katika kila 100. Wengi wao huzaliwa, husoma, hulima, hujukuu na kufariki bila kujua kwamba wanalo, kwa kuwa haliwasumbui. Huleta taabu linapokuwa jembamba au linapotoka kwa pembe mbaya, makohozi yakakwama ndani yake yasipate njia ya kutoka, na sehemu ile ya pafu ikaugua, ikapona nusu, ikaugua tena.

KUISHIKA PICHA

Picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi hupita mwilini na kupiga upande wa pili. Palipo na hewa hupita kwa wingi na picha huwa nyeusi. Palipo na mfupa huzuiwa na picha huwa nyeupe. Nyama, damu na maji huwa kijivu katikati ya hivyo viwili. Kwa hiyo pafu zima ni jeusi, na pafu lililojaa usaha au lililosinyaa ni jeupe. Wengi hudhani kinyume chake, wakaona weusi wakaogopa.

Hatua ya kwanza ni kujua upande. Shika picha kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako anakutazama: mkono wako wa kushoto unaelekea upande wake wa kulia. Pembeni huwekwa alama, R kwa kulia au L kwa kushoto. Picha isiyo na alama, wala jina, wala tarehe, ni picha yenye walakini, na mteja ana haki ya kuirudisha kwa aliyeipiga ili ikamilishwe kabla hajaondoka. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu halina gharama, na kwa sababu picha isiyo na tarehe haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Kisha tafuta bomba la hewa. Ni mfereji mweusi mwembamba unaoshuka katikati ya shingo na kifua, ukiwa mbele ya uti wa mgongo. Fuata mfereji huo kwa kidole hadi unapogawanyika. Kwa mtoto mdogo mfereji unaweza kupinda kidogo kuelekea kulia, hasa picha ikipigwa wakati anapumua nje au analia; kupinda huko peke yake si ugonjwa. Vilevile kifua cha mtoto mchanga huonekana kipana katikati kwa sababu ya tezi iitwayo thaimasi, ambayo wakati mwingine hujitokeza kama tanga la jahazi. Nayo ni ya kawaida, na husinyaa kadiri mtoto anavyokua. Wazazi kadhaa wametishwa na kivuli hicho, na wengine wametafutiwa dawa za ugonjwa ambao haukuwapo.

Je, tawi la juu huonekana hapo? Kwa ukweli, mara nyingi halionekani. Ni jembamba, na vivuli vya mishipa na mbavu hulifunika. Daktari mwenye jicho zuri huweza kuliona kama kijia cheusi kinachoacha mfereji kabla ya panda. Kinachoonekana kwa urahisi zaidi ni matokeo yake: weupe wa sehemu ya juu ya pafu la kulia, uliopo katika picha ya Machi, ukafifia Mei, ukarudi Agosti. Ndiyo maana picha tatu zilizotunzwa katika bahasha moja huweza kusema jambo ambalo picha moja, hata iwe safi namna gani, haiwezi kulisema.

HITILAFU NYINGINE ZINAZOFANANA

Njia ya hewa na njia ya chakula huanza zikiwa mrija mmoja katika mimba ya takriban wiki ya nne, kisha hutengana. Zisipotengana sawasawa mtoto huzaliwa umio ukiwa umeziba au ukiwa na tundu linaloungana na bomba la hewa. Mtoto huyo hutoa povu mdomoni, hupaliwa na kubadilika rangi kuwa buluu anapojaribu kunyonya. Wahudumu hupitisha mrija mdomoni au puani kwenda tumboni; usipofika, picha huuonesha umejikunja juu kifuani. Hii ni dharura. Mtoto asipewe maziwa wala maji wala dawa ya kienyeji, na aonekane na daktari siku hiyohiyo.

Nyingine ni mshipa mkuu wa damu kupita upande usio wake, au kugawanyika na kulizunguka bomba la hewa kama kamba. Mtoto hupumua kwa sauti tangu uchangani, hasa anapovuta pumzi, na sauti huzidi anaponyonya au kulia. Kwenye picha mfereji mweusi huonekana umesukumwa au umebanwa kiunoni. Mara nyingi watoto hawa hutibiwa pumu kwa miaka. Tiba yao, ikihitajika, ni upasuaji wa mishipa, na rufaa yao kwa kawaida huelekea Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Ya tatu hudanganya kwa weusi. Sehemu moja ya pafu, mara nyingi ya juu kushoto, hushindwa kutoa hewa iliyoingia, ikafura kama puto na kuusukuma moyo upande wa pili. Asiyeijua huweza kudhani hewa imevuja nje ya pafu na kuingiza mrija kifuani, jambo linaloweza kumdhuru mtoto. Mzazi hawezi kuzuia kosa hilo kwa elimu ya kijitabu. Anaweza tu kuomba kwamba, mtoto akiwa si mahututi, picha ipitiwe na daktari bingwa wa radiolojia.

KABLA YA KUDHANI NI YA KUZALIWA

Hapa turudi kwenye karanga. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, maharage na karanga, na wakati wa kupukuchua watoto hukaa katikati ya magunia mdomo ukiwa haujakosa kitu. Punje ikiingia njia ya hewa mtoto hukohoa kwa nguvu dakika chache, kisha hutulia, na wakubwa husahau. Wiki mbili baadaye huanza homa. Nimonia yake hurudi pahali palepale, upande wa kulia mara nyingi, sawasawa kabisa na ya mwenye tawi la juu. Nayo picha huweza isioneshe punje, kwa sababu karanga na harage si vyuma wala mfupa. Mionzi huzipita bila kuacha kivuli cha wazi.

Kwa hiyo swali la maana kuliko yote ambalo mzazi anaweza kujibu ni hili: je, kabla ya ugonjwa wa kwanza, mtoto aliwahi kupaliwa ghafla akiwa anakula au anacheza? Usingoje uulizwe. Liseme hata kama mtoto alikuwa mikononi mwa dada wa kazi au shangazi, na hata kama kulisema kunaleta lawama ndani ya nyumba. Punje hutolewa kwa kifaa chenye kamera kinachoingizwa kwenye njia ya hewa mtoto akiwa amelazwa usingizi, na kifaa hichohicho humwonesha daktari tawi la juu kama lipo.

Kifua kikuu nacho hakipaswi kupuuzwa. Kipo, kinaua, na kwa watoto ni vigumu kukithibitisha, hivyo daktari anayeanzisha dawa kwa kushuku hajakosea. Linalohitajika ni kurudi kwake dawa zinapokwisha na dalili zikabaki, badala ya kuhamia kituo kingine na kuanza upya kama mgonjwa mgeni.

SITI SKANI NA SUALA LA MIONZI

Kipimo kinacholionesha tawi la juu waziwazi ni siti skani, ambayo hukikata kifua katika vipande vyembamba vya picha na kuwezesha kompyuta kulijenga upya bomba la hewa pamoja na matawi yake. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikifunga mashine hizo katika hospitali za rufaa za mikoa, na wakazi wengi wa nyanda hizi hawalazimiki tena kusafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Muhimbili kwa ajili ya kipimo tu. Kabla ya kupanda basi kutoka Tunduru au Mbamba Bay, piga simu ama mwombe tabibu anayekupa rufaa aulize Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea, kama mashine inafanya kazi siku hiyo na kama yupo wa kumlaza mtoto usingizi iwapo atashindwa kutulia.

Sisi tunaoandika haya tumo katika kazi ya kusimamia matumizi ya mionzi, kwa hiyo msomaji atatusamehe tukikaa hapa kidogo. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na katika chakula. Wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kawaida ya kifua huongeza milisiveti 0.1 au pungufu, sawa na wiki mbili za maisha ya kawaida. Siti skani ya kifua cha mtu mzima huweza kufika milisiveti 7, yaani kama miaka mitatu. Kwa mtoto mashine hupaswa kupunguzwa ili ilingane na mwili wake, na swali "Je, mmepanga mashine kwa kipimo cha mtoto?" ni swali la heshima ambalo mtaalamu mzuri hulifurahia.

Basi kipimo hiki hakifanywi kwa kutaka kujua tu. Mtoto aliyeugua nimonia mara moja akapona hakihitaji. Mtoto aliyeugua mara tatu pahali palepale anakihitaji, na kumnyima kwa hofu ya mionzi ni kumwacha na pafu linaloharibika polepole. Njia ya uhakika zaidi ya kumpunguzia mionzi ni kutorudia picha ambazo tayari zilipigwa. Hapo tena ile bahasha ya kaki ina kazi. Iweke mbali na moshi na unyevu, usiikunje. Picha ya kidijitali iombe katika diski. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini ni bora kuliko kukosa, lakini haitoshi kwa uamuzi. Na kwa kuwa tumefika hapa: filamu ya eksirei si kinga ya macho ya kutazamia jua lililopatwa, kama baadhi yetu tulivyodhani mwaka 2016, watu walipofurika Rujewa kulitazama.

Anayemshika mtoto wakati wa kupigwa picha avae vazi la kinga lenye madini ya risasi, na asiwe mjamzito. Mama akiwa na shaka ya ujauzito aseme, baba au ndugu mwingine ashike.

UNACHOSTAHILI KUPEWA

Mteja anayelipia picha hastahili picha tu, anastahili pia maelezo. Omba ripoti ya maandishi yenye jina la aliyeisoma. Ikiwa kituo hakina bingwa wa kuisoma, waeleze kwamba ungependa itumwe kwa aliye naye. Kwa sera ya nchi, mtoto chini ya miaka 5 husamehewa gharama za matibabu katika vituo vya umma. Ukiambiwa vinginevyo, au ukiwa huna uwezo kwa mtoto mkubwa zaidi, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani.

Mashine ya mionzi hairuhusiwi kutumika bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Omba kuoneshwa leseni hiyo. Mtaalamu anayeiendesha naye anapaswa kuwa amesajiliwa na baraza lake. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuhusu mashine, chumba au kinga ya mionzi, hupelekwa kwa Tume. Andika tarehe, jina la kituo na kilichotokea. Ambatisha nakala ya stakabadhi, wala usitoe picha halisi ikapotelea ofisini.

MTOTO AKISHAJULIKANA KUWA NALO

Wengi hawahitaji upasuaji. Hufundishwa namna ya kumsaidia mtoto kutoa makohozi, hupewa chanjo zote kwa wakati, na hutibiwa mapema anapougua. Wachache ambao sehemu ile ya pafu imekwisha haribika hukatwa sehemu hiyo, na pafu lililobaki hutosha.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo humfuata mwenye tawi la juu maisha yake yote, awe anaumwa au haumwi. Siku atakapolazwa usingizi kwa upasuaji wowote, hata wa mfupa au wa uzazi, mtoa dawa ya usingizi huingiza mrija katika bomba la hewa. Mrija huo unaweza kuliziba tawi lile au kuingia ndani yake, na hewa ya oksijeni ikapungua ghafla bila sababu kueleweka. Akijulishwa mapema huuweka mrija mahali panapofaa. Kwa hiyo jina la hitilafu liandikwe kwenye jalada la ndani la daftari la kliniki la mtoto, pamoja na mwaka na hospitali iliyoigundua. Naye mtoto akifika umri wa kuelewa aambiwe mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo ikifika huenda mama hatakuwapo wa kumsemea.